Siku Kumi na Moja

Orest alitupa funguo mbili,
moja kila kiganja, kama mtu anayegawa karata,
akarudi ndani kumalizia kahawa yake.
Upepo wa Coaldale haujui kubisha hodi:
uliingia mikono ya koti langu, ukakaa.

Mbele yetu pikapu mbili, Kurwa na Doto,
rangi moja, matairi yale yale,
ila ya kushoto ina waya unaoning'inia puani,
kama ng'ombe aliyetoroka mnadani na kamba yake.
Mwaka wetu wa kwanza huku nilicheka:
gari gani hili, linalala limechomekwa ukutani kama simu?
Kisha Januari ikafika.
Nikaona dizeli ya jirani imeganda tangini
kama samli iliyosahauliwa kwenye kopo.

Shekue hakuniuliza. Aliwasha yenye waya.
Ikakohoa, ikanguruma, vioo vikatetemeka,
na uso wa mume wangu ukarudi Korogwe,
una miaka tisa, umekaa juu ya marobota ya katani,
baba yake usukanini, gia ya pili, mlima mbele.
"Sikia," akaniambia.
"Hii haivuti kwa kelele. Hii inavuta kwa kifua."

Sibishi. Kwenye kuvuta, dizeli ni mpagazi:
mtwike, hakuulizi ni wapi.
Tela letu na mbuzi ishirini ni tani tatu na kitu,
na kati yetu na Creston ipo milima
isiyojua kwamba sisi ni wageni.
Hata kuteremka, injini yenyewe inaukamata mzigo shingoni,
breki hazinuki.

Lakini mwenye daftari ni mimi.
Dizeli imezidi kwa dola elfu kumi na mbili.
Filta zake mbili. Oili, ndoo nzima.
Na kile kimiminika cha kusafishia moshi
ambacho Orest alikitaja haraka haraka,
kama jina la mke wa pili.

Sikudhani, amechoka kiti cha nyuma,
akatoa kichwa dirishani:
"Mama, kwani kwa mwaka tunavuta siku ngapi?"

Tukahesabu kwa vidole, glavu zikituzuia.
Aprili, safari mbili. Idi ndogo, moja.
Idi kubwa, nne, tena tano, ile ya mwisho ya usiku.
Maonyesho ya Agosti, kwenda na kurudi.
Na siku ya kumrudishia Mholanzi beberu wake.
Kumi na moja.
Zilizobaki, mia tatu hamsini na nne,
ni dakika saba mpaka shule,
dakika tisa mpaka zamu yangu hospitalini,
vijisafari ambavyo dizeli haipati hata joto,
masizi yanaiziba koo,
inaugua kwa kukosa kazi,
mpagazi aliyetumwa kununua kiberiti.

Shekue akazima. Akabaki amekaa,
mkono juu ya usukani
kama unavyouweka juu ya mnyama usiyemnunua.
Tukachukua ya petroli.

Jumamosi ya tatu tulipandisha Crowsnest, tela limejaa.
Mshale wa mizunguko ulipita elfu nne,
injini ikalia kama cherehani ya fundi mwenye hasira,
mafuta yakashuka huku tunayatazama.
Mbuzi walinyamaza. Nao walikuwa wakisikiliza.
Ndipo kushoto kwetu dizeli kuukuu, ya kijivu,
ikivuta nyumba nzima yenye magurudumu,
ikatupita, bila haraka wala salamu,
kwa kifua.

Shekue hakuigeukia. Alipunguza redio tu.
Nilikuwa na la kusema, lenye tarakimu na jumla yake.
Nikafunga daftari,
nikamwachia ile sauti
mpaka ilipopotea kwenye kona.