Tuzo ya Sauti

Usiku ule Bulyaga palikuwa na baridi ya kukunja vidole,
tukajazana kwa Mwakalobo watu kumi na mmoja, jiko la mkaa katikati,
runinga juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma
ambacho mkewe alikiondoa taratibu, kama anamvua bibi harusi shela.

Huko Dar walikuwa mabega wazi.
"Hawa hawasikii baridi?" akauliza Bupe,
na sisi wa masweta, wa mablanketi, wa soksi mbilimbili,
tukawacheka, tukawatamani.

Mwigizaji bora wa kiume: yule mnene aliyecheza padri.
Nikasema haki yake. Mwakalobo akasema haki gani,
padri gani anashika rozari kama funguo za pikipiki?

Mwigizaji bora wa kike: nikasimama, nikaketi.
Si wetu. Wetu alikaa Kyimo wiki sita
akifundishwa na dada yangu Subilaga kuchuma chai,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
hadi kucha zikawa nyeusi.
Tuzo ikaenda kwa aliyelia vizuri ndani ya gari.
Subilaga akasonya
sonyo refu, la kutoka Kyimo hadi Mwakaleli.
"Kulia kila mtu anajua. Mpe tenga."

Ikaja tuzo ya sauti.
Tuzo ya sauti ni wakati wa kwenda kukojoa.
Lusajo akatoka, Bupe akachochea mkaa,
mtu akauliza kama chai imebaki.
Nami nikamwona: kijana mwembamba
aliyelala sebuleni kwetu siku nne
na kile kipaza sauti chenye manyoya
ambacho watoto walikiita paka.

Alikuja kutafuta mvua juu ya bati kuukuu.
Tukuyu! Mahali nguo huanikwa Jumatatu zikakauka Alhamisi.
Mvua ikamwona, ikagoma.
Siku tatu jua kama la Dodoma, tukaona aibu,
kana kwamba mgeni kaja na hakuna mkungu uliokomaa.

Usiku wa nne ikashuka.
Tukafungia kuku jikoni, tukazima redio,
akatusihi tusipumue kwa nguvu.
Mama naye aliombwa asikohoe.
Akaitikia kwa kichwa, akaziba mdomo kwa khanga,
akajitahidi, akajitahidi,
akakohoa.
Kijana akafumba macho. Hakusema kitu. Hakurudia.

Sasa wanaonyesha kipande,
sekunde kumi na mbili kwa hesabu yangu:
mvua inaanzia upande wa choo, kama ilivyoanzia siku zote,
inalipitia lile bati lililolegea, ta-ta, ta,
inajaa. Halafu, chini yake, mbali kidogo,
kikohozi kimoja cha mtu anayeona haya.

Ukumbi ukapiga makofi.

Kijana akamshukuru Mungu, wazazi, wadhamini,
kampuni ya maji ya chupa. Sikumlaumu.
Bati hushukuriwaje?
Mwaka jana, baada ya matanga, tuliezeka upya
kwa fedha ya parachichi: bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee.
Zuri. Wapitao hulisifu.
Ila mvua yake haina upande wa choo,
inanyesha kote kwa pamoja, kama inasoma taarifa ya habari.

Sikuwaambia.
Subilaga alikuwa ameinamia kikombe chake kitupu,
ncha ya khanga mdomoni. Sikumtazama sana.

Lusajo akarudi anafunga mkanda:
"Nani kachukua?"
"Mvua," nikasema.
"Mvua gani? Nje kukavu."

Likaja tangazo la sabuni,
na Mwakalobo akaongeza sauti.