Gari Lisilopiga Hodi

Saa nne asubuhi, Akureyri bado ni giza
(Januari hapa jua huamka kama kijana wa likizo),
Eyvindur akanikabidhi kadi,
nyembamba kama ya maktaba.
"Na ufunguo?" nikauliza.
"Ndio huo."
Nikautia mfukoni, pamoja na kipimajoto cha ng'ombe.

Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza tena. Kimya kikazidi.
Kumbe lilikuwa limewaka tangu mwanzo,
mimi ndiye niliyelizima.
Eyvindur akatazama viatu vyake, kwa adabu.

Lile la zamani lilikuwa la dizeli, miaka kumi na tisa,
viti vyake vinanuka iodini na manyoya mabichi,
na kikombe cha kahawa niliyoimwaga
usiku Hvammur walipopata ndama pacha.
Hili halinuki kitu. Linanuka upya tu,
na mimi ndani yake nanuka kazi.

Nikagusa kikanyagio, kugusa tu,
maduka yakarudi nyuma kama yaliyoitwa.
Nikacheka peke yangu, kwa sauti,
daktari wa mifugo wa miaka hamsini na minane.
Kisha nikasikia vitu ambavyo sijawahi kuvisikia:
theluji ikisagika chini ya tairi,
chupa za chanjo zikigongana kwenye sanduku,
pumzi yangu puani, ina filimbi kidogo.
Tangu lini?

Nilipoondoa mguu kwenye mteremko
gari likajizuia lenyewe,
na namba kwenye kioo zikapanda, moja, moja.
Mlima ulikuwa unanirudishia deni.
Lakini baridi nayo ina mkono mrefu:
nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
zile kilomita mia nne za kwenye karatasi
sikuziona. Zamani nilihesabu safari;
sasa nahesabu asilimia
kama mwenye mshahara tarehe ishirini na tano.

Nikafika Hvammur.
Miaka yote Ketilríður alinisikia tangu darajani.
Ngurumo ikivuka mto, yeye huteleka birika;
nikivua buti, kikombe kiko mezani.
Leo hakuna birika, hakuna taa jikoni.
Mlango wa zizi u wazi kidogo,
naye amesimama humo, paji la uso
kwenye ubavu wa ng'ombe mgonjwa,
anamweleza mambo kwa sauti ya chini.
Bei ya nyasi. Mwanawe wa Kopenhageni
ambaye hatarudi kushika shamba.
Kisha akalitaja jina la Oddgeir,
tuliyemzika Oktoba,
akalitaja kama mtu anayeuliza saa.

Asiyepiga hodi ni mwizi au mwenye nyumba.
Mimi sikuwa yeyote kati ya hao.
Nikarudi kinyumenyume, nikikanyaga nyayo zangu zilezile,
nikafungua mlango wa gari lile la kisasa
nikaubamiza kwa nguvu zangu zote.
Nikakohoa. Nikaita jina lake uani,
kwa sauti ya dizeli.

Akatoka anajifuta na kiwiko.
"Sikukusikia."
"Nimefika sasa hivi."
Akalitazama gari, jeupe pe kwenye weupe,
akalizunguka mara moja, akaligonga bati
kama anayechagua tikitimaji.
"Linakula nini?"
Tukavuta waya hadi kwenye soketi ya mashine ya kukamulia,
tukamtibu ng'ombe, kisha tukaingia jikoni,
tukasimama tukisubiri maji yachemke.
Kusubiri huko hatukuwahi kuwa nako.
Dakika sita, pengine saba.
Hakusema kitu. Nami sikusema.
Theluji ilidondoka kutoka paani, pu,
sote tukageuka.

Nilipoondoka nilikuwa na asilimia thelathini na moja
na nusu ya keki ndani ya gazeti.
Darajani nikajaribu honi.
Ina sauti ndogo, ya kuomba radhi,
lakini nyuma yangu, kwenye kioo,
taa ya jikoni ikazima, ikawaka.