Mpira wa Pili

Bence, kijana wa maabara, ndevu zake changa kama ukungu wa mkate,
ameniketisha gizani, kidevu juu ya kibao cha chuma.
"Mama Piroska, tazama nukta ya katikati. Macho yasihame."
Nikatazama.

Kushoto duara likavimba.
Kulia duara likanywea.
Kisha herufi ndogo, mara huku, mara kule,
nami nibonyeze upesi nikiiona.

Miaka kumi na tisa nilikuwa kipa, hapa hapa Szeged,
mpira wa mikono, ukumbi unanuka gundi na jasho.
Hakuna aliyenifunza kukiogopa kinachokua:
mpira ukijaa jichoni, goti limekwisha kuruka
kabla jina la mpigaji halijanifikia.
Mwili una mlinzi wake, hana adabu, hasubiri hodi.
Hata kaa anaye, asema Bence. Hata nzi.

Basi herufi ikitua palipovimba, papo hapo! kidole changu.
Ikitua paliponywea, nikachelewa.
Sana?
"Kidogo tu," akasema. "Hata ukope haujapepesa."

Kidogo tu.
Fainali, sekunde nane zimebaki,
nikaupangua mpira kwa kisigino,
ukumbi ukalipuka, nami nikainua mikono.
Mpira ulikuwa unaondoka. Unasinyaa. Unakwenda zake,
na mimi sina jicho la kuuaga.
Yule msichana wa pembeni, nambari saba, alikuwa nalo.

Miaka thelathini nimeulaumu mguu.

Bence amenilipa kwa vocha ya duka la vitabu,
akanishukuru, akaenda na korido yake.
Sijui alikata kona saa ngapi.

Sasa nipo kituoni. Tramu iliyonishusha imeng'oa nanga,
na mimi leo nimeapa kuisindikiza:
dirisha zima na mtoto anayelamba kioo,
kisha taa mbili,
kisha taa moja,
kisha kifungo chekundu kwenye koti la jioni.
Macho yanalenga machozi kwa kazi hii
ya kushikilia kitu kisichonitaka.

Nyuma yangu kengele. Reli inatetemeka nyayoni.
Sigeuki.
Sigeuki, nasema.

Nimegeuka.