Kipimo cha Pumzi

Musembi ameileta turbo ndani ya gunia la makaa,
ameikumbatia kutoka kwa wauza vyuma wa Barabara ya Kirinyaga,
akaitua mezani pangu, meza ikaguna.
Ilitoka kwenye lori, au kwenye kitu kilicholala na lori.
Mdomo wake unameza ngumi yangu pamoja na saa.
"Nekesa," akasema, "nifungie hii."

Nikachungulia nje. Starlet yake nyeupe, mlango mmoja wa buluu,
injini ya lita moja na nukta tatu,
moyo wa njiwa.
Kiti cha nyuma: trei kumi na nane za mayai.

Sikumcheka. Nami niliwahi kufunga jitu kama hilo,
nikaingia Barabara ya Thika, nikakanyaga mafuta,
nikangoja.
Elfu mbili. Elfu tatu. Sindano inapanda
kama kibarua ngazini na mfuko wa saruji.
Nikangoja.
Elfu nne na nusu ndipo ikaja, yote kwa mpigo,
teke la punda,
na mbele yangu tuta.
Subira huvuta heri, ndiyo,
lakini aliyesema ngojangoja huumiza matumbo
huyo alikuwa fundi.

Sikia, Musembi.
Gurudumu hili halizungushwi na fahari.
Linazungushwa na moshi ambao injini inautupa,
na yako hutupa kikohozi cha mtoto.
Utalipulizia hadi ukauke koo
nalo litakutazama tu.

Halafu tuko juu hapa. Hewa ya Nairobi
ni chai iliyoongezwa maji wageni walipozidi.
Binamu yako wa Mombasa akivuta pumzi moja anashiba;
injini yako inavuta, inabaki na deni.
Kwanza tulipe deni. Mbio baadaye.

Na unaishi wapi? Sikuulizi mtaa.
Nauliza sindano yako inaishi wapi.
Elfu mbili na kidogo, tuta hadi tuta,
gia ya pili, ya tatu, ya pili tena.
Elfu sita unaisikia kwa majirani.

Nikafungua droo, nikatoa kadogo
kalikotoka kwenye kigari cha Kijapani, sawa na kikombe cha uji.
Nikakagusa kwa kidole, kakazunguka
muda mrefu kuliko tulivyotarajia sote wawili.
Sikumdanganya: huko juu kabisa katakubana
kama kola ya sare ya mwaka jana.
"Vijana wa Jumamosi watanicheka."
"Watacheka. Wana mayai?"

Siku tatu. Bomba la mafuta, bomba la maji,
bolti moja iliyokatika nikaitukana kwa lugha ya mama.
Shinikizo nikaliweka chini,
gasketi ni ya kiwandani bado
na petroli ya mjini naijua.

Tukatoka kumi na moja alfajiri, trei zote nyuma,
Westlands, Kangemi, mlima ule unaowanyamazisha wenye magari madogo.
Elfu mbili na mia mbili, ikaja.
Si teke. Kiganja cha mtu
mgongoni mwa mtoto anayejifunza baiskeli.
Musembi hakusema kitu mpaka Uthiru.
Tukahesabu: yai moja limepasuka,
naye akaapa lilipasuka jana.

Ina mluzi mdogo, mwembamba, wa birika kabla halijachemka.
Anafungua dirisha hata mvua ikinyesha
ausikie.

Lile jitu lilibaki kwangu, linazuia mlango usipigwe na upepo.
Kila wiki kuna kijana huliinua, hulipima kwa macho,
huniuliza bei.
Namuuliza kwanza
anabeba nini.