Piatră

Siku yake ya kwanza machimboni
Costin hakuwa na hata salamu ya kijiji kile.
Alikula mkate wake kando, kimya,
kama aliyefika msibani asipomjua marehemu.
Kisha bonge likachomoka juu ya genge,
naye akapiga ukelele kwa lugha ya mama yake:
Piatră!

Baudilio akaruka. Efisio akaruka.
Maana hakuiuliza mtu.

Jioni, vumbi lingali kwenye kope,
wakalipitisha neno mkono kwa mkono.
Piedra, akasema Baudilio, akilitafuna katikati.
Perda, akasema Efisio wa Sardinia,
erre imeruka ua ikasimama mbele.
Léontine mpishi akacheka: sisi husema pèira,
tumelilamba hadi likaisha pembe.

Mimi, karani wa mizani, nikajitia ujuzi:
hilo si lenu, Warumi waliliazima kwa Wagiriki
na deni halijalipwa. Lao lilikuwa lapis.

Likaenda wapi?

Baudilio akachomoa penseli nyuma ya sikio.
Hii kwetu ni lápiz.
Efisio akainamia supu yake.
Anayo lapide moja, makaburini Oristano,
na fundi bado anamdai herufi sita.

Hatukuongea tena. Vijiko tu.

Asubuhi bonge jingine likaachia.
Nililisikia onyo kabla ya kuona kivuli,
Piatră! Piatră!
na aliyepaza sauti alikuwa Baudilio.