Masanduku Manne

Arvo, mbao ulizipima mpaka upana wa unywele,
udongo hukuupima.
Umeniachia masanduku manne, matupu, marefu kama majeneza,
na dukani mfuko mmoja ni dola tisa.
Nilihesabu: mifuko sitini.
Nikarudisha pochi mkobani.

Basi nimekuwa mwokotaji.
Chini kabisa nimelaza magogo ya mbetula yaliyooza,
yale uliyoapa utayapasua.
Juu yake maboksi, nimeyabandua utepe kwa kucha.
Kisha majani: Oktoba yote Duluth nzima
huyafunga mifukoni na kuyatupa kando ya barabara,
nami nikipita usiku na gari, taa zimezimwa,
kama mwizi wa kitu kisicho na mwenyewe.

Lindqvist wa farasi akasema, "Samadi bure.
Beleshi uje nalo."
Nilikwenda na lako.

Udongo wenyewe nilinunua mifuko minane tu,
blanketi jembamba juu ya takataka.

Sasa theluji imeyeyuka. Nimetoka kuangalia:
vyote vimeshuka kiganja kizima.
Nikasimama pale na viatu vya ndani, nikacheka peke yangu.
Kumbe huko chini kazi ilikuwa ikiendelea.
Nikarudi kutafuta funguo za gari.