Daftari la Mafuta

Jumatatu nilijaza lita hamsini pale Kizota.
Ijumaa, sijafika Bahi, taa ya njano ikawaka.
Nikaandika: hamsini, mia mbili sitini na nane.
Prado la baba linakunywa kumshinda baba,
naye, Mungu amrehemu,
hakuwa mtu wa nusu glasi.

Fundi wa kwanza alisema plagi.
Nikanunua plagi sita.
Wa pili akapuliza ea klina, likatoka vumbi jekundu la Kongwa,
akasema, "Umeona?"
Mimi niliona. Mshale wa mafuta haukuona.
Wa tatu alitaka kushusha pampu,
bei akaitaja huku akitazama viatu vyangu.

Fundi Chidumizi hakufungua boneti.
Alipiga jeki, akazungusha gurudumu moja moja kwa kiganja,
kichwa kainamisha,
kama mtu anayegonga tikiti maji sokoni.
"Breki haing'ang'anii."
Akaenda nyuma, akatia kidole kwenye ekzozi:
masizi makavu, meusi, ya kuandikia ukutani.
Akayanusa. "Linakula lakini halisagi."

Ndipo akauliza ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Mshale wa joto husimama wapi?"
Chini, nikajibu. Daima chini. Tena kwa fahari:
gari hili halijawahi kuchemka mikononi mwangu.
"Dada Sechelela," akasema, "huo ndio ugonjwa wenyewe."

Tuliliwasha kesho yake, limelala nje usiku kucha,
Julai, upepo wa Dodoma unakata masikio.
Mkono wake juu ya hozi ya rejeta.
Dakika ya pili, vuguvugu.
Haikupaswa. Hozi ilitakiwa ibaki baridi, ingoje,
hadi kile kimlango cha ndani kiridhike na kufunguka.
"Hapa hakuna mlango. Mtu aliing'oa thamostati.
Maji yanazurura toka sekunde ya kwanza,
injini haifikii joto lake,
kompyuta inadhani kungali alfajiri,
inaimiminia mafuta ya kuiamsha."

Saa saba mchana, lami ya Bahi inanata kwenye tairi,
na ndani ya chuma kile
bado hakujakucha.

Nani aliing'oa?

Nilifungua daftari la zamani, la baba,
mwandiko wa karani wa reli,
saba zake zimefungwa mkanda kiunoni.
Hamsini, mia nne na tano.
Hamsini, mia tatu tisini na nane.
Kurasa kwa kurasa za mtu asiyekubali kuibiwa.
Kisha, Novemba kumi na tisa, Manyoni:
*Limechemka. Fundi katoa thamostati.
Mama Seche anazidiwa, tunawahi Itigi. Nitairudisha.*
Chini yake: hamsini, mia mbili themanini na mbili.

Mama tulimzika tarehe ishirini na tatu.

Miaka tisa baba aliendelea kuandika,
kila wiki, bila kufuta,
mia mbili sabini na tano, mia mbili themanini,
yeye aliyeweza kurudi dukani kudai chenji ya shilingi hamsini.
Alijua. Lazima alijua.
Gereji ilikuwa njia moja na kanisa.

Chidumizi alinionyesha mpya, imelala kiganjani,
ndogo kama kizibo cha chupa ya uji wa mtoto,
bei haifiki plagi mbili.
"Niweke?"
Nilikaa kimya muda ambao hakuuelewa,
akadhani natafuta punguzo, akapunguza.
Nikasema weka.

Tukatoka hadi njia ya Kikuyu.
Mshale ukaanza kupanda, polepole, sijawahi kuuona ukipanda,
ukapita pale nilipouzoea,
mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo kuzima.
"Acha," akasema. "Hilo ndilo joto lake."

Ukasimama katikati.
Mikono ikanitetemeka juu ya usukani
kana kwamba nimelikosea mtu fulani.

Leo nimejaza. Nimeandika hamsini.
Pembeni, pa kilomita,
nimepaacha wazi.